Mbona mchambuzi anakosea kila wiki na bado tunamtaka kwa TV

Tangu Gary Lineker aage Match of the Day, kile kipindi cha BBC cha magoli na uchambuzi wa ligi ya Uingereza, mwezi wa tano 2025, kuna ubishi umekataa kuisha hapa Kisumu, na sio Kisumu peke yake, hata Nakuru na Kakamega ukikaa kwa kinyozi Jumamosi utausikia. Mmoja anasema Lineker alikuwa komenteta mkali sana. Mwingine anamkatiza, ati huyo hajawahi kutangaza mechi, kazi yake ilikuwa kuchambua. Wa tatu anasema nyinyi wote hamjui mpira, Peter Drury ndiye baba yao. Alafu mzee mmoja kwa kona, mwenye alikuwa amenyamaza akinyolewa ndevu, anauliza na Mambo Mbotela wetu wa redio je? Hapo kelele inaanza upya, manake kila mtu analinganisha watu wa kazi tofauti akidhani ni kazi moja, na lile swali lenyewe la maana, kwamba ni kwa nini mtu wa mtaa wa Kondele hapa Kisumu anaumia roho juu ya mtu wa Uingereza mwenye hata hajui kama yeye yuko duniani, hakuna mwenye analigusa.

Basi tuanze na kazi zenyewe, juu kwa TV hawa watu wanakaa meza moja na sisi huku tunawaita wote watangazaji tukamaliza.

Fikiria matatu ya Kisumu kwenda Busia. Mtangazaji wa mechi ndiye dereva. Macho yako barabarani muda wote, hawezi kusimama kwanza afikirie, mpira ukienda anaenda, abiria wakilala yeye bado anaendesha, na akikosea jina la mchezaji kila mtu anashtuka kama gari imeingia kwa shimo. Prezenta, yaani mwenyeji wa kipindi, ndiye makanga. Hana usukani, lakini bila yeye hiyo gari haijai na haitoki stage, yeye ndiye anajua nani anashukia Maseno na nani Luanda, anapanga watu kwa viti, akiona wawili wanataka kugombana anatupa stori wanacheka, na muda wote jicho moja liko kwa saa. Mchambuzi sasa ni yule mzee wa kiti cha mbele mwenye alikuwa dereva miaka hiyo akaacha. "Hapo mimi ningepunguza mapema." Na ukweli ni kwamba mara nyingi amesema sawa, shida anasema shimo likishapita.

Ukishashika hiyo, Lineker anaingia mahali pake mara moja. Ni makanga, tena wa hali ya juu. Ndio, alikuwa mchezaji hatari, aliifungia Uingereza mabao 48 kwa mechi 80, na Kombe la Dunia la 1986 kule Mexico alikuwa mfungaji bora kwa mabao sita, lakini hicho kipindi alikishika 1999 na kwa hio miaka yote kazi yake kubwa ilikuwa kuwafungulia wengine mlango waongee, kina Alan Hansen, Alan Shearer, Ian Wright, na kujua atawakatiza lini. Peter Drury ni dereva. Martin Tyler ni dereva, yule mwenye alivuta jina la Aguero mpaka pumzi ikaisha tarehe 13 Mei 2012, Manchester City wakichukua ligi mechi ikiwa imeshaingia dakika za nyongeza. Roy Keane ni mzee wa kiti cha mbele, tena mwenye ameamka vibaya. Jamie Carragher na Thierry Henry pia ni wa hapo mbele, na makanga wao kwa Champions League ya CBS, stesheni ya Marekani, ni Kate Scott, mwenye wengi walimjua kama Kate Abdo, na ukimwangalia vile anawachokoza yeye na Micah Richards mpaka Henry anasahau yuko kazini, utaelewa hio kazi haiwezi kufanywa na mtu wa kusoma karatasi tu. Kuna pia mtangazaji msaidizi, kama Jim Beglin ama Ally McCoist, huyo anakaa na dereva uwanjani na anaongea dereva akivuta pumzi.

Kwa hivyo mtu akikuuliza nani mkali kati ya Lineker na Drury, mwambie aende akalinganishe kwanza makanga na dereva, alafu arudi.

Kuna jambo lingine watu wengi hawalijui, na ndilo linafanya sisi na Mwingereza tusikubaliane nani alikuwa sauti ya Premier League. Mechi moja inatangazwa na watu tofauti kwa wakati mmoja. Stesheni za Uingereza kama Sky zina watangazaji wao kwa ajili ya watu wa kwao, alafu ligi inatengenezewa matangazo mengine ya kuuzwa nje ya nchi, na hayo ndio SuperSport wanatuletea. Kwa miaka mingi Drury na Beglin walikuwa wanasikika kwa hayo ya nje. Ndio maana mtu wa Nyalenda alimzoea Drury kama jirani wakati Mwingereza wa kawaida akisema mpira anasikia sauti ya Tyler kichwani. 2023 Tyler akatoka Sky baada ya miaka 33, Drury akaingia hapo, na sisi huku tukaanza kuulizana mbona wikendi zingine sauti imepotea. Wengine wakasema amestaafu. Kumbe amehamia tu upande wa wenye nyumba.

Na hii inachekesha zaidi. Uingereza kuna katazo la kutoka miaka ya sitini, kwamba Jumamosi kuanzia saa tisa kasorobo mpaka saa kumi na moja na robo ya kwao, mechi hazionyeshwi moja kwa moja kwa TV, ili watu waende uwanjani na timu ndogo zisikose pesa ya tiketi. Hizo mechi zao za saa tisa ndizo zetu za saa kumi na moja jioni, ama saa kumi na mbili wakati wa baridi wakisharudisha saa nyuma. Kwa hivyo kuna Jumamosi mtu mwenye anaishi Liverpool kabisa, amekosa tiketi, anasikiliza timu yake kwa redio, na saa hio hio kijana wa Manyatta amekaa mbele ya skrini na chapati mkononi akiona kila kitu. Alafu mtu anaambiwa yeye ni shabiki bandia wa mbali.

Ingia kibanda cha mpira hapo Kondele siku ya mechi kubwa uone vile watu wamezigawa hizo kazi bila kufundishwa. Kabla ya mechi mwenye kibanda ameua sauti ya TV, anapiga ohangla, juu watu bado wanaingia na anataka kelele ya kuita wateja. Midomo ya wachambuzi inacheza tu kwa skrini. Timu zikianza kutoka kwa ile korido, mtu wa nyuma anapaaza, "Omera, rudisha sauti!" na ohangla inakatwa katikati ya neno. Sasa ni dereva anatakiwa. Haftaimu ohangla inarudi, isipokuwa kumekuwa na penalti ya utata, hapo utasikia wacha kwanza, wacha tusikie huyo mzee anasema nini. Na hawamtaki ili awafundishe, wameshaamua wenyewe ilikuwa penalti ama haikuwa, wanataka mtu mkubwa aseme vile wao wamesema. Akisema tofauti anazimwa, ohangla inaendelea.

Mlangoni utakuta boda mwenye hajalipa, ameegemea pikipiki, redio ya simu iko sikioni. Kama ni mechi ya Harambee Stars huyu ndiye wa kuangalia. Mtangazaji wa redio yuko uwanjani, sauti yake inafika kwa FM haraka, wakati picha ya TV inapanda setilaiti, inabanwa, inashuka, dekoda inaifungua, na kila hatua inakula kitu kidogo cha muda. Boda anaruka wakati ndani mpira bado uko katikati ya uwanja, watu wote wanageuka kumwangalia, na sekunde chache baadaye goli linaingia kwa skrini. Mwenye anatazama kwa simu na bando zake yuko nyuma ya wote, atapata goli likiwa tayari liko kwa WhatsApp. Kwa mechi za Uingereza hio haifanyi kazi, na hapa kuna uongo mdogo wa kuondoa: yule jamaa wa redio anayekutangazia Manchester derby kwa Kiswahili kitamu mara nyingi hayuko Old Trafford, yuko kwa studio Nairobi anaangalia TV kama wewe. Hakuna udanganyifu hapo, hata stesheni kubwa za nje zinafanya hivyo kuokoa gharama, na kama ashawahi kukufanya usimamishe kazi kusikiliza kona, basi kazi ameifanya.

Sasa tuje kwa lile swali lenye halikuguswa, mapenzi yenyewe yanatoka wapi.

Mwaka 1956 watafiti wawili Wamarekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu kitu walichoona TV na redio zimeleta: mtu anakaa nyumbani, mtangazaji anaongea akimwangalia usoni, anamtania, anamuaga kwa upole, na baada ya muda yule wa nyumbani anahisi anamjua kabisa. Urafiki wa upande mmoja. Wewe unajua kicheko chake, unajua akikasirika anafanya nini na macho, unajua timu gani anaipenda akijaribu kuficha, na yeye hata jina lako hana. Hii haimaanishi wewe ni mjinga. Akili ya binadamu ilizoea kwamba sauti inayoongea na wewe kila wiki ni ya mtu wa karibu, haikuandaliwa kwa dekoda. Ndio maana mtangazaji akifa watu wanaposti kama wamefiwa na mjomba, na ukiwacheka unakosea, manake kitu wamepoteza ni cha kweli.

Alafu kuna mazoea. 1968 Robert Zajonc alionyesha watu maneno yasiyo na maana yoyote, na maandishi ya mfano wa Kichina wenye hawayajui, mengine mara nyingi na mengine mara moja tu, na akakuta kwamba yale wameyaona sana ndio wanayapenda zaidi, bila sababu nyingine. Chukua hio uweke kwa mpira. Mtu amesikia sauti moja kila Jumamosi toka shule ya msingi. Hata ingekuwa sauti ya kawaida tu, ingekaa moyoni. Na tena haikusikika wakati wa kuosha vyombo, ilisikika wakati moyo unadunda.

Hapo ndio dereva anamshinda kila mtu. Aprili 2018 kwa Champions League, Barcelona walikuwa wameshinda Roma 4-1 kule Hispania, kila mtu amezima, alafu Roma wakarudisha tatu na goli la tatu likafungwa kwa kichwa na Kostas Manolas, beki Mgiriki. Drury pale pale akaunganisha mungu wa Kigiriki, Roma na magofu yake kwa sentensi mbili tatu, na leo ukiuliza shabiki mechi iliishaje atakujibu kwa maneno ya Drury kabla akupe skoa. Mwaka 2010 Siphiwe Tshabalala akifungua Kombe la Dunia kule Johannesburg, ilikuwa sauti hio hio ikisema ni goli la Afrika yote. Nani wa huku atasahau? Wataalamu wa kumbukumbu pia wamegundua kwamba watu wakizeeka, mambo wanayokumbuka kwa wingi zaidi ni ya ujana, miaka kama kumi hadi thelathini hivi. Kwa hivyo yule mwenye ulimsikia ukiwa form two, umebanana na marafiki, hauna deni lolote duniani, huyo amekaa mahali pazuri sana kwa kichwa na wa leo hawezi kumtoa hata atangaze kwa mashairi.

Haya, tuguse uongo ambao umezoeleka.

Wa kwanza na mkubwa, kwamba mchambuzi mzuri ni mwenye anapatia. Alan Hansen alikuwa beki wa Liverpool, amebeba ligi mara nane, mtu mzito. Agosti 1995 Manchester United wakapigwa na Aston Villa 3-1, Hansen akasema kwa Match of the Day kwamba huwezi kushinda kitu na watoto. Hao watoto walikuwa Beckham, Scholes, Butt, na Neville. Msimu ukaisha United wamebeba ligi na FA Cup zote mbili. Hansen alifutwa? Wapi. Alikaa kwa hicho kiti mpaka 2014, na hio sentensi ndio imemfanya akumbukwe hata na watu wenye walizaliwa baadaye. Kosa lilikuwa wazi, fupi, na lilisemwa bila kutafuna, na watu wanapenda hivyo. Mwenye anasema itategemea, pengine, tungoje tuone, huyo anaweza kuwa amesema ukweli mtupu lakini hakuna mtu atamkumbuka Jumatatu akiwa kwa stage.

Na hata nje ya mpira iko hivyo. Philip Tetlock alifuatilia mamia ya wataalamu wa siasa na uchumi kwa karibu miaka ishirini, akihesabu utabiri wao, na akakuta kwamba wale wenye majina makubwa, wanaoitwa sana kwa TV, walikuwa wanakosea zaidi ya wenzao wasiojulikana. Sababu ni ile ile: TV inamtaka mwenye ana uhakika, na mwenye ana uhakika na kila kitu lazima atagonga ukuta. Kwa hivyo wewe mwenye unachukua pesa ya stoki ya duka unaweka kwa beti juu Carragher amesema Liverpool wanashinda leo, jua Carragher analipwa kusema, halipwi kupatia. Matokeo yakigeuka yeye Jumatatu ataeleza vizuri sana kwa nini yamegeuka, na atalipwa tena.

Wa pili, ati lazima uwe ulicheza. Kwa kiti cha mbele sawa, inasaidia, kuna vitu Keane anaona kwa sababu ameshakanyagwa na watu wa kweli. Lakini kwa usukani na kwa mlango, hapana. Drury hakuwahi kuwa mchezaji wa ligi. Carol Radull alikuja kwa redio za Kenya wakati wanaume wengi walidhani mwanamke kwa kipindi cha michezo amekuja kusoma matangazo ya biashara, akawa anajua vikosi na historia kuliko wanaompigia simu, na waliobishana naye hewani walitoka wakiwa wadogo. Na kinyume chake umeona, mchezaji mkubwa kabisa anawekwa studio anasema timu ilicheza vizuri, kocha alipanga vizuri, walijitahidi, asante. Miguu ilijua, mdomo haujui.

Wa tatu, upendeleo. Kila shabiki ana hakika mtangazaji anaichukia timu yake. Novemba 1951 kule Marekani vyuo vya Princeton na Dartmouth vilicheza futiboli ya Kimarekani, mechi chafu, watu wakavunjwa. Watafiti Hastorf na Cantril wakachukua wanafunzi wa pande zote mbili, wakawaonyesha filamu moja ya mechi hio, wakawaambia wahesabu makosa. Wa Princeton waliona Dartmouth wamefanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale wa Dartmouth wenyewe waliona. Filamu ni moja! Sasa chukua Mashemeji Derby, Gor Mahia na AFC Leopards, yaani Ingwe, weka mtangazaji hapo katikati. Akisema rafu, upande mmoja unamwita mnunuliwa. Asiposema, upande wa pili unamwita mnunuliwa. Kuna wenye wanapendelea kweli, sikatai, lakini kabla useme, uliza shabiki wa upande ule mwingine amesikia nini. Ukikuta nyote wawili mnalia mnaonewa, huyo mtangazaji pengine ndiye mtu pekee alikuwa anaona mechi.

Uongo wa nne ni ule wa kusema bila wao hatungeangalia mpira, na huu una mambo ndani. Machi 2023 Lineker alitweet akikosoa lugha ya serikali ya Uingereza juu ya wakimbizi, BBC ikamtoa hewani. Wright na Shearer wakasema basi na sisi hatuji, watangazaji nao wakakataa, na Jumamosi hio kipindi kikaenda kwa dakika kama 20 tu, magoli bila prezenta, bila uchambuzi, bila sauti ya kutangaza, uwanja tu unapiga kelele. Watazamaji wakaongezeka karibu nusu milioni kuliko wiki iliyotangulia. Wenye hawampendi wakashangilia, si mnaona, hana maana! Lakini fikiria vizuri, watu wengi walifungua kuona shimo aliloacha likoje. Ingekuwa hivyo wiki kumi tungejua ukweli, na BBC hawakutaka kujua, wakamrudisha haraka. Alipoondoka kabisa 2025 kiti chake kimoja kikagawiwa watu watatu, Kelly Cates, Mark Chapman na Gabby Logan.

Hapo ndio unaelewa pesa. Watu wanauliza BBC ilikuwa inamlipa pauni milioni 1.35 kwa mwaka kwa kuongea tu? Wanunuzi wa haya mambo hawanunui maneno. Wananunua ile tabia yako ya kubonyeza rimoti bila kufikiria. Magoli utayapata kwa simu bure ndani ya dakika, mtu mwenye umezoea kukaa naye huwezi kumpata mahali pengine. Marekani wameonyesha hii wazi zaidi. Stesheni ya TNT ilipoteza haki za NBA, ligi yao ya basketiboli, kuanzia msimu wa 2025-26 haina mechi za ligi hio, lakini kipindi cha Ernie Johnson, Kenny Smith, Charles Barkley na Shaquille O'Neal hakikufa. Stesheni nyingine, ESPN, wakakikodisha kama kilivyo, watu wale wale wanne na ubishi wao. Mechi zilihama, na kijiwe kikahamishwa kizima kuzifuata. Barkley mwenyewe anakosea utabiri tangu alipoingia hapo 2000, na Shaq anamcheka kila siku, na hicho kicheko ndicho bidhaa.

Sasa yule mzee wa kwa kinyozi, tumjibu.

Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025 akiwa na miaka 84, haingii vizuri kwa hii matatu yangu juu alifanya kila kazi. Alitangaza mpira, alisoma habari, na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? alikianza 1966 kikadumu zaidi ya nusu karne. Agosti mosi 1982 wanajeshi waliojaribu kupindua serikali walimtoa kwake nyumbani wakampeleka studio akatangaze kwamba serikali imeanguka. Fikiria kwanza hapo. Walikuwa na bunduki, walikuwa na redio, na bado waliona wananchi hawataamini mpaka waambiwe na ile sauti wanaijua ya mpira na ya ungwana. Mimi sijaona kipimo kingine cha mapenzi ya watu kwa mtangazaji kinachozidi hicho.

Lakini tuwe wakweli na sababu. Wakati wa Mbotela, na wa kina Mohammed Juma Njuguna na Jack Oyoo Sylvester waliokuja kusikika KBC, ushindani ulikuwa kidogo ama haukuwepo. Sauti ya Kenya, stesheni ya serikali ambayo ndiyo KBC ya leo, ilikuwa peke yake mpaka KTN ikaja 1990, na FM ya kwanza ya binafsi, Capital, ikaja 1996. Desemba 1987 Gor wakitoka 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi na Esperance wakachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa magoli ya ugenini, kama haukuwa uwanjani na hauna TV, na wengi hapa Nyanza hawakuwa nayo, mtangazaji wa redio ndiye alikuwa macho yako. Yeye ndiye aliamua nyasi ni kijani kiasi gani. Mzee akisema watangazaji wa siku hizi hawana utamu, sehemu ni kweli, Kiswahili chao wale kilikuwa kimeiva na walijua kuacha ukimya uwanja uongee, lakini sehemu nyingine ni kwamba mtangazaji wa leo anamtangazia mtu mwenye anaona skrini, ana simu mkononi, na stesheni zingine thelathini ziko hapo kando. Hata Mbotela angefufuka leo angepambana.

Kitu kinaniuma mimi ni mpira wetu wenyewe. SuperSport walionyesha ligi ya Kenya kwa karibu miaka kumi, wakaondoka 2017, na tangu hapo haki zimekuwa zikizunguka huku na huku, na kila zikihama sauti nazo zinakatika. Mazoea yanataka mtu mmoja, wiki baada ya wiki, miaka. Mtoto wa Kakamega anayeenda Bukhungu kuona Homeboyz anaweza kukutajia kikosi, anaweza kukutajia Drury, lakini muulize nani anatangaza ligi yetu uone vile ataangalia chini.

CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilibadilisha kidogo. Kenya ikiwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda, tukawapiga Kongo, tukawapiga Moroko 1-0 kwa goli la Ryan Ogam alafu tukamaliza mechi tukiwa pungufu, mpaka Madagascar wakaja kututoa kwa penalti robo fainali. Kwa hizo wiki chache nilisikia watu mtaani wakiiga sauti za watangazaji wa Kiswahili vile huwa wanaiga za Uingereza, hadi makanga wa Kondele alikuwa anaita abiria kwa mtindo wa goli. Na 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja hapa hapa. Kuna watoto wa miaka kumi walikuwa wanaruka kwa vibanda siku ya Moroko, na mahali fulani kulikuwa na mtu mmoja mwenye maikrofoni, hatujui jina lake sana, sauti imeshakauka, akiwaimbia hilo goli. Nani alikuwa mkali? Hao watoto ndio wa kuulizwa, na tuwaulize 2045.